Kwa Nini Mwenye Maumivu ya Shingo Huweka Mkono Kichwani?

Kwetu mkono kichwani una maana moja: msiba. Mtoto akijisahau akauweka, bibi humtoa mkono haraka kabla hajaita balaa. Kwa hiyo fundi cherehani jirani yangu hapa Moshi alipoanza kukaa na kiganja cha kulia juu ya utosi, kila amalizapo suruali moja, wateja walimwuliza, "Mangi, kuna nini nyumbani?" Nyumbani hakukuwa na kitu. Alisema tu kwamba mkono ukiwa pale hauumi.

Mimi, kwa ujuaji wangu, nikamwambia ni bega. Maumivu yalianzia nyuma ya bega yakashuka hadi kidole gumba, na shingo ilimkaza kidogo tu. Nani angewaza shingo? Nikamshauri achue bega na asiunyanyue mkono. Yote mawili hayakuwa na msaada, na la pili lilimnyima nafuu pekee aliyokuwa nayo.

Kosa langu ni la wengi: tunaamini panapouma ndipo palipoharibika. Kwa kidonda ni kweli. Kwa mishipa ya fahamu, yaani neva, mambo ni mengine. Jigonge kiwiko kwenye ukingo wa meza uone: ganzi inapiga kidole kidogo, wala hakuna anayekimbilia kukifunga kidole bandeji. Ubongo ni kama mtu aliye ndani ya nyumba akisikia kengele ya geti. Nyaya zikichunika katikati ya bustani zikagusana, kengele italia vilevile, naye atatoka hadi getini kutazama nani amekuja. Hakuna mtu. Anarudi, inalia tena, anakwenda tena getini. Ndivyo tunavyochua bega wiki nzima.

Shingo ina pingili 7 (twiga wa Hifadhi ya Arusha, na urefu wake wote ule, naye ana 7), lakini ina jozi 8 za neva, kwa sababu jozi ya kwanza hutokea juu ya pingili ya kwanza. Neva ya sita kwa kawaida hufika kidole gumba, ya saba kidole cha kati, ya nane kidole kidogo. Mipaka huingiliana, na si kila mwili unaifuata ramani hii barabara. Hata hivyo ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia anayeletewa shingo huishia kupapasa vidole, kupima nguvu za mkono na kugonga kiwiko kwa kinyundo cha mpira.

Sasa mkono kichwani. Neva hutokea kwenye tundu jembamba ubavuni mwa pingili. Diski, yaani kile kitakia kilicho kati ya pingili na pingili, ikichomoza, au mfupa ukiota kijipembe, nafasi inapungua. Fikiria mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, na kamba yake inapita juu ya jiwe lenye makali. Akienda mbali, kamba inakaza na kusagika juu ya jiwe. Akirudi kuelekea kigingini, inalegea. Jiwe halijaondoka, ila halisagi tena. Mkono unaoning'inia ni mbuzi aliyekwenda mbali. Ukiuweka kichwani, umemrudisha. Wapo wanaoongeza kwamba mkao huo hupunguza pia shinikizo kwenye vijishipa vya damu vinavyoizunguka neva.

Mwenye bega bovu hupata kinyume chake: akiunyanyua mkono kwa upande, hasa kati ya nyuzi 60 na 120, ndipo anapokunja uso.

Tusiitukuze mno ishara hii. Taarifa ya mwaka 1981 iliyoitangaza ilihusu wagonjwa 22, na 15 kati yao ndio waliopata nafuu. Ikiwepo inasema mengi. Isipokuwepo haikanushi kitu. Kwa hiyo huongezwa vipimo vinne: shingo haifiki nyuzi 60 ikigeuzwa upande unaouma, kichwa kikikandamizwa taratibu maumivu yanashuka mkononi, kikivutwa juu yanapungua, mkono ukinyooshwa kwa namna ya kuivuta neva yanarudi. Kukandamiza kichwa hakufanywi kwa mtu aliyetoka kuanguka na bodaboda kabla ya kuhakikisha hakuna mfupa uliovunjika.

Picha nazo zina ujanja wake. Mwaka 2015 Wajapani walichapisha vipimo vya MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) vya shingo za watu 1,211 wasio na dalili yoyote; 87.6% walikuwa na diski zilizochomoza. Diski iliyochomoza pekee, basi, si hukumu.

Matibabu yenyewe hayana mbwembwe: mazoezi ya misuli ya ndani ya shingo na ya bapa la bega, kuvutwa shingo kwa kipimo, kuendelea kutembea na kufanya kazi. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa au miezi bila upasuaji. Fundi wangu alipandisha meza ya cherehani kwa matofali mawili.

Swali moja aliloulizwa hospitalini lilimshangaza: je, bado anafunga vifungo vya shati bila shida? Alidhani ni utani juu ya kazi yake. Haukuwa utani. Vidole vya mikono yote miwili vikianza kushindwa vifungo, au miguu ikayumba, au mkojo ukasumbua, kinachobanwa huenda si neva moja bali uti wa mgongo wenyewe, yaani shina la neva lipitalo ndani ya pingili, na hapo mgonjwa hupelekwa kwa daktari kwa haraka, mazoezi yanasubiri. Yeye alivifunga vyote saba akiwa anatazama dirishani.