Raba laini kama godoro ndo inakutegua

Jumatatu asubuhi kwetu ni siku ya vifundo. Mtu kakimbia joging Jumamosi na kikundi chake, kaacha lami kaingia njia ya changarawe huko Nzuguni hapa Dodoma, kakanyaga kijiwe kadogo tu, kwisha. Anaingia anachechemea, kifundo kimevimba upande wa nje kama andazi, na mkononi kashika raba mpya anakuonyesha kwa uchungu, "daktari, mbona nimenunua nzuri kabisa, hii soli yake ni kama godoro." Mimi kwanza si daktari, ni mtaalamu wa vifaa saidizi vya viungo, nilisomea Moshi pale TATCOT, chuo kilichopo kwenye hospitali ya KCMC tangu 1981, shughuli zetu ni miguu bandia, viatu vya watoto wenye mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda tangu kuzaliwa, na soli za ndani za kuchongwa. Ila maswali ya raba yamekuwa mengi mpaka ofisini wakasema we andika tu.

Sasa huyo anayesema godoro amejibu mwenyewe. Nenda nyumbani, vua viatu, simama mguu mmoja juu ya sakafu, halafu panda kitandani usimame mguu mmoja juu ya godoro. Utaona mguu unavyohangaika, vidole vinang'ang'ania, kifundo kinacheza huku na huku. Ndo hicho hicho kinachotokea ndani ya raba ukiwa unakimbia, tofauti ni kwamba ukikimbia uzito unaoshuka kwenye mguu mmoja ni mara mbili mpaka tatu ya uzito wako wote.

Mguu wenyewe una mifupa 26, na chini kidogo ya kifundo kuna kiungio ambacho kazi yake ni kuuruhusu unyayo ulale kidogo ndani au nje ili uweze kutembea kwenye ardhi isiyo sawa. Kulala huko ni kawaida, usitishwe na muuza raba. Tatizo ni kwamba mfupa wa nje wa kifundo umeshuka chini kuliko wa ndani, na kano za upande wa nje ni nyembamba kuliko zile za ndani, kwa hiyo mguu ukizidiwa unapenda kupinduka unyayo ukiangalia ndani, na zinazovutika mpaka kuchanika ni zile za nje. Tena inatokea haraka mno, sehemu ya kumi ya sekunde au chini ya hapo, misuli inapokuja kushtuka kazi imeshaisha. Ndo maana nasema soli inatakiwa ikusaidie kabla, siyo wewe uiokoe ikishalala.

Fikiria kigoda na stuli ndefu ya baa. Kigoda cha bibi hata mtoto akikikalia upande hakipinduki, kiko chini na miguu yake imetanuka. Stuli ukiiegemea vibaya unaenda nayo. Soli nayo ni hivyo hivyo: inavyozidi kwenda juu ndivyo kifundo kinavyokaa mbali na ardhi, na kijiwe kilekile kinapata nguvu kubwa ya kukupindua. Wenye lori za mkaa wanalijua hili bila kusoma popote, kona ileile gari tupu linapita na lililopakiwa mpaka juu linalala.

Mtu ataniambia mbona wakimbiaji wakubwa wanavaa soli ndefu hizo. Kweli wanavaa, mpaka shirikisho la riadha la dunia mwaka 2020 likaweka kikomo cha milimita 40 kwa mbio za barabarani, na tangu Novemba 2024 mbio za uwanjani mwisho milimita 20. Kikomo hicho walikiweka zaidi kwa sababu ya faida ya kasi, ile povu, yaani sponji ya soli, inarudisha nguvu na ndani wanaweka bamba la kaboni. Lakini angalia viatu hivyo kwa nyuma, chini vimetanuka kuliko juu, mtengenezaji anajua akipandisha lazima atanue. Na anayevaa ni mtu wa aina ya Alphonce Simbu, kijana wa Ikungi hapo Singida aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo 2025, vifundo vyake vimejengwa kwa miaka. Sisi wa Jumamosi kwa Jumamosi tunakopi raba yake na kuacha mazoezi yake.

Hapo kwenye kutanua ndo pana utamu, maana watengenezaji wenyewe walihangaika napo. Akili ya kawaida inasema tanua kisigino pande zote, basi, imetulia. Ila wengi wetu tukikimbia tunatua na ukingo wa nje wa kisigino, sasa kama ukingo huo umetokeza sana unakuwa kama mpini mrefu wa jembe, ardhi inausukuma na mguu unapigwa kuelekea ndani kwa kasi kubwa kuliko inavyotakiwa. Ukiukata kabisa nao, mguu unakosa pa kuegemea siku ya changarawe. Kwa hiyo soli iliyofikiriwa vizuri utaikuta kona ya nje ya nyuma imeviringwa kidogo au imechongwa mshazari, halafu mbele kidogo ya hapo ndo inatanuka. Wakati mwingine upande wa ndani wanaweka povu gumu zaidi, mara nyingi utaliona lina rangi ya kijivu, ili mguu usilale sana ndani. Hilo mimi naliheshimu kwa mtu anayelihitaji, ila si kila mwenye unyayo bapa analihitaji, kuna watu wana nyayo bapa tangu wazaliwe na wanachunga ng'ombe kilomita na kilomita hawana shida yoyote.

Na hao wachungaji wetu wa Chamwino na Bahi ndo wananifundishaga mimi. Katambuga ya tairi ni ngumu, iko chini, ni bapa, mguu unaisikia ardhi. Unyayo una mishipa ya fahamu mingi inayoipa akili taarifa ardhi imekaaje, ukiweka povu nene katikati ni kama unaongea na mtu mmewekeana blanketi. Kule Montreal Kanada, Steven Robbins na wenzake waliwapima wanaume wa umri mkubwa wanavyoweza kutulia bila kuyumba, matokeo waliyoyatoa 1992 yakawa kwamba soli nyembamba na ngumu inawatuliza kuliko nene na laini. Sisemi ukimbie lami na katambuga, utaniletea kisigino kingine hapa, povu lina kazi yake ya kupunguza mshtuko. Nasema liwe la kiasi.

Ukienda soko la Sabasaba kwenye mitumba usianze na rangi. Iweke raba mezani, iangalie kwa nyuma, kisigino kimesimama wima au kimelala upande? Mitumba mingi imelala, mwenyewe wa kwanza kashaibonyeza upande mmoja, ukiivaa unarithi mwendo wake. Bonyeza kwa dole gumba pande zote mbili za soli, ugumu ufanane au wa ndani uzidi kidogo, usiwe kinyume. Kamata kile kikombe cha nyuma kinachoshika kisigino, kikibonyea kama karatasi iache. Kisha ikamue kama unakamua nguo, katikati igome, na ukiikunja ikunjike pale vidole vinapoanzia, ikikunjika katikati kama chapati hiyo hapana. Jambo ambalo karibu kila mtu analiruka: toa ile soli ya ndani, iweke chini, isimamie. Watu waliokua wakitembea peku miguu yao mbele ni mipana, na viatu vingi kalibu yake, lile umbo la kuundia, ni nyembamba, kwa hiyo utakuta kidole kidogo kinaning'inia nje ya soli. Hapo upana wote wa chini ulioulipia haukusaidii kitu, maana mguu umesimama ukingoni.

Meno ya chini nayo yaendane na unapokimbilia. Njia ya vumbi na kokoto inataka meno ya milimita nne au tano yaliyoachana, lami inataka bapa. Wachezaji wa netiboli wa sakafuni wao tatizo lao ni kinyume, soli ikinata sana mwili unageuka na mguu umebaki, na goti ndo linalipa, ndo maana raba za mchezo huo zina alama za duara chini ya dole gumba ili mguu uzunguke.

Mafundi viatu, nanyi nawaomba. Mteja akileta raba imeisha kisigino upande mmoja, msimbandikie kipande pale palipoisha tu na kumrudishia, kwanza sawazisha soli yote iwe bapa, ndo ubandike kipande kizima, upana wake usipungue wa zamani, na ukiongeza nyuma ongeza na mbele, la sivyo umempandisha kwenye stuli. Nimewahi kupokea raba imeongezwa matabaka matatu ya tairi, mwenyewe anajisifu haitaisha milele, kifundo kimeteguka mara mbili.

Halafu hili jua letu. Povu la soli likipata joto linalainika na likizidi linasinyaa, na gundi inaachia, kwa hiyo ile tabia ya kufua raba na kuianika juu ya bati mchana wa Oktoba, au kuiacha kwenye buti la gari siku nzima, ndo inaipinda soli iliyokuwa nzima. Ianike kivulini, toa soli ya ndani, jaza magazeti, kwa upepo wa Dodoma kesho asubuhi imekauka.