Antena nane hazileti kasi mara nane

Juzi nimeitwa tena. Hosteli ya wanafunzi, mwenye jengo kanunua ruta ya antena nane, na simu yake inapata kasi ileile aliyokuwa akiipata kwa ruta ya zamani ya antena mbili. "Fundi, si ulisema antena nyingi ndiyo spidi?" Sikusema hivyo. Nimeshalijibu swali hili kwa mdomo mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandika.

La kwanza nalipita haraka: idadi ya mikondo ya data, yaani data tofauti zinazorushwa kwa pamoja, haizidi antena za upande wenye chache. Simu nyingi zina mbili za waifai. Ruta iwe na nane au kumi na sita, simu hiyo itapokea mikondo miwili, basi. Antena zinazobaki zina kazi nyingine, kama kuelekeza wimbi upande wa simu au kuhudumia vifaa kadhaa kwa wakati mmoja.

La pili ndilo linaloniudhi: watu kuamini kwamba antena "inasukuma" mtandao. Nguvu ya kurusha ina kikomo kisheria, na antena hugawana hiyohiyo. Hata kama ungeruhusiwa kuiongeza, faida ni ndogo. Chukua ishara yenye nguvu mara 100 ya kelele, yaani vurugu za redio zinazoichafua. Fomula ya Shannon ya mwaka 1948, inayoonyesha data nyingi kabisa ambayo njia yenye kelele inaweza kubeba, inakupa biti 6.66 kwa sekunde kwa kila hezi ya upana wa masafa ya redio. Zidisha nguvu mara mbili, unapata 7.65. Sasa rudi kwenye nguvu yako ya mwanzo, igawe nusu kwa nusu kwenye mikondo miwili inayotenganishika: 11.3. Hapo ndipo kasi ya MIMO, yaani kurusha na kupokea kwa antena nyingi pamoja, inapotoka. Masafa ni yaleyale, nguvu ni ileile, na data mbili tofauti zinaruka kwa pamoja.

Neno zito hapo ni "inayotenganishika". Antena zote mbili za simu zinasikia mikondo yote miwili ikiwa imechanganyika. Simu inaitenganishaje? Kwa hesabu ya mgahawani, ambamo kila meza ni antena na kila bei ni mkondo. Meza ya kwanza imekula chapati mbili na chai moja, imelipa 1,300. Meza ya pili imekula chapati moja na chai mbili, imelipa 1,100. Bila kuuliza bei, unajua chapati ni 500 na chai 300. Lakini kama meza ya pili ingekula chapati nne na chai mbili kwa 2,600, usingejua lolote jipya. Meza mbili, habari moja.

Sasa fikiria meza zinazokaribia kufanana. Ya kwanza chapati 20 na chai 10, jumla 13,000. Ya pili chapati 20 na chai 11, jumla 13,300. Hesabu inatoka. Ila ukisikia vibaya, ukaandika 13,400, chai inakuwa 400 na chapati 450. Kosa lisilofika asilimia moja limepandisha bei ya chai kwa theluthi nzima. Kelele hufanya hivyohivyo kwenye antena zinazosikia karibu kitu kimoja.

Kinachozifanya meza zitofautiane ni mwangwi. Wimbi linagonga ukuta, kabati, bati la jirani, kisha linafika kwenye antena kwa njia nyingi, kila antena na mchanganyiko wake. Miaka nenda rudi mafundi wa redio walipigana na mwangwi huo kama adui. Mwaka 1996 Gerard Foschini wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alionyesha jinsi ya kuufanya uzae kasi, na mwaka 2009 802.11n, toleo la kanuni za kiufundi za waifai, likaiingiza MIMO kwenye waifai za majumbani.

Ndiyo maana sielewani na anayeniambia "tuwekee antena zionane, pasiwe na kizuizi, tupate mikondo minne". Mkionana wazi kwa mbali, antena zote zinasikia karibu kitu kimoja. Kiungo cha kilomita 2 kati ya minara miwili, kwa gigahezi 5.8, kwa kawaida kinabeba mikondo miwili tu, mmoja kwa wimbi la wima na mwingine kwa la mlalo. Ukitaka kuitenganisha kwa umbali wa antena peke yake, uziachanishe kama mita 7 kila upande. Mnara gani utakubali?

Lakini msinielewe vibaya mkajificha nyuma ya kuta. Ukuta wa zege wenye nondo unakula ishara kwanza. Ishara ikilingana na kelele, kugawa mikondo miwili kunakupandisha kutoka biti 1 hadi 1.17 tu, kwa hiyo ruta yenye akili inarudi kwenye mkondo mmoja na kutumia antena zake kuulinda ujumbe uleule usipotee.

Vitabu hudhania mwangwi mwingi, unaokuja kutoka kila upande. Nyumba hazijui vitabu. Nimefunga vyumba viwili vinavyofanana kwa kila kitu, kimoja kikatoa mikondo miwili safi, kingine kikagoma hadi nilipoisogeza ruta kiganja kimoja. Sijawahi kutabiri hilo kwa kutazama ramani ya jengo, na simwamini anayesema anaweza.

Kwa hiyo pima. Kaa unapokaa siku zote, fungua taarifa za muunganisho kwenye kompyuta yako. Kwa 802.11ac, toleo la waifai lililofuata 802.11n, kwenye chaneli ya megahezi 80, mkondo mmoja unaishia megabiti 433 kwa sekunde, miwili 866. Ukiona namba ipo juu ya 433, mikondo miwili inafanya kazi. Ikiwa chini, sogeza ruta kidogo, itoe kwenye kabati la chuma, laza antena moja na kusimamisha nyingine, utazame tena. Mwenye hosteli alifanya hivyo mbele yangu, na ruta yake ya zamani ikampa mikondo yote miwili ambayo simu yake inaweza kupokea.