Bosi katokea Uholanzi

Juzi kwenye daladala ya Mbagala konda alimwambia mzee mmoja mwenye ndoo ya samaki, "bosi, sogea nyuma kidogo," na mzee akasogea bila neno. Mimi kazi yangu ni tafsiri, miaka mingi sasa Kiingereza na Kiswahili, na hili neno nalipenda sana maana lina safari ndefu kuliko watu wanavyodhani.

Waingereza wenyewe hawakulitunga. Ni la Kiholanzi, baas, yaani mkubwa wa kazi, na mpaka leo Uholanzi hata mwenye mbwa ni baas wa mbwa wake. Waholanzi walikuwa na mji wao Marekani, New Amsterdam, Waingereza wakauchukua mwaka 1664 wakauita New York, lakini neno likabaki midomoni mwa watu. Sasa kilichonigusa mimi ni hiki: kwenye karne ya 19 vibarua na watumishi wa kizungu kule walikataa kumwita tajiri wao "master" kwa sababu hilo ndilo watumwa walilazimishwa kusema, wakaona bora waseme "boss". Kwa hiyo lilianza kama neno la mtu anayesema mimi nafanya kazi lakini mimi si mali yako. (Baadaye wanasiasa nao wakalichafua, William Tweed aliyeishika New York mkononi aliitwa Boss Tweed, akafia jela 1878.)

Lakini Waholanzi haohao walikuwa wameshatua Cape, ncha ya kusini ya Afrika, mwaka 1652, na huko baas lilienda njia nyingine kabisa. Mtu mweusi Afrika Kusini alitakiwa amwite mzungu yeyote baas, hata kijana mdogo wa kumzaa, na wakati wa ubaguzi likazaa neno la siasa, baasskap, utawala wa mzungu juu ya mweusi, J. G. Strijdom alipokuwa waziri mkuu 1954 mpaka 1958 aliisimamia sera hiyo waziwazi. Neno ni moja, ila New York lilimpunguzia mtu aibu na Cape likamvua utu.

Na sisi tumewahi kuchagua maneno hivyohivyo, enzi za Ujamaa watu waliitana ndugu, mkubwa kwa mdogo. Siku hizi Dar bosi ni kila mtu, mteja wa Kariakoo ni bosi, abiria ni bosi, ila dereva wa bodaboda akisema jioni "sijatimiza hesabu ya bosi" hapo ujue anamaanisha bosi kweli, mwenye chombo.

Ndiyo maana nikitafsiri simulizi za wazee wa Afrika Kusini, baas siandiki bosi hata siku moja. Bosi la kwetu ni jepesi mno, mtu anaambiwa kwenye daladala. Naandika bwana mkubwa, kama babu zetu walivyomwita mkoloni.