Kuzuia vyombo kwa ajili ya kodi: maana yake na mipaka yake

Katika vyumba vya kupanga vya Mabatini, Igogo au Buhongwa jijini Mwanza, mtu akisema "amezuiliwa vyombo" hakuna anayeuliza maana yake. Mpangaji amechelewa kulipa kodi ya pango, anarudi jioni kutoka soko la Mwaloni alikokuwa akianika dagaa, na anakuta kufuli geni limening'inia juu ya kufuli lake. Au anakuta mlango umefunguliwa, na televisheni, mtungi wa gesi na godoro vimehamishiwa kwa mwenye nyumba, naye anaambiwa kwa utulivu kabisa kwamba vitu vyake viko salama, akilipa atavichukua. Mtaani jambo hili huonekana la kawaida. Kisheria linahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndani yake yamechanganywa mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa, nayo ni haki ya kudai deni na mamlaka ya kukamata mali.

Haki ya kudai ni ya mwenye nyumba, na hakuna anayeweza kumpokonya. Kodi ambayo siku yake imepita ni deni halali, hata kama makubaliano yalifanywa kwa mdomo chini ya mwembe, maana upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja hauhitaji maandishi ili uwe halali. Mamlaka ya kukamata mali ya mdaiwa ni kitu kingine. Hayo ni ya mahakama au baraza, baada ya pande zote mbili kusikilizwa, na anayeyatekeleza ni dalali wa mahakama mwenye amri mkononi. Dalali huyu asichanganywe na yule dalali wa mtaani aliyekutafutia chumba akachukua kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake. Kufanana kwa jina kumewafanya wapangaji wengi wafungue milango kwa watu wasiokuwa na karatasi yoyote.

Desturi yenyewe ina historia ndefu. Sheria ya kale ya Uingereza ilimruhusu mwenye nyumba kuingia, kukamata mali ya mpangaji na hatimaye kuiuza ili kufidia kodi, bila kupita mahakamani. Huko huko Uingereza utaratibu huo ulifutwa kwa nyumba za kuishi tarehe 6 Aprili 2014, sheria ya mwaka 2007 ilipoanza kutumika. Kenya bado ina sheria yake mahsusi ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, yenye masharti yake, na ndiyo maana anayesikiliza redio za Kisumu akiwa Mwanza anaweza kudhani kwamba anachokisikia kinamhusu. Hakimhusu. Tanzania mgogoro wa kodi ya pango unaongozwa kwanza na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, yenye sehemu nzima inayohusu upangishaji, na safari ya mwenye nyumba aliyechoka kusubiri kodi huanza kwa notisi ya maandishi. Kufuli si notisi.

Wapo wanaosema kwamba sheria ya wapangaji ilifutwa, hivyo mpangaji hana pa kushika. Ni kweli kwamba Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na pamoja nayo yakaondoka mabaraza ya nyumba yaliyokuwa chini yake. Kilichoondoka ni udhibiti wa viwango vya kodi na ulinzi wa pekee wa mpangaji. Umiliki wa godoro lako haukuwahi kutegemea sheria hiyo. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda haki ya mtu kumiliki mali na hifadhi ya mali yake, na ibara ya 16 inalinda maskani yake. Chumba ulichopanga ni maskani yako hata kama ukuta ni wa mwingine.

Sasa tuangalie kitu ambacho kwa maoni yangu kinaonyesha ubaya wa desturi hii kuliko hoja nyingine yoyote. Tuseme mwenye nyumba amefuata njia zote, ameshinda shauri, na mahakama imeamuru mali ya mpangaji ikamatwe. Hata hapo kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinataja vitu ambavyo havikamatwi: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mke wake na watoto wake, mapambo ambayo kwa desturi ya dini mwanamke hawezi kuachana nayo, pamoja na zana za fundi. Soma tena orodha hiyo ukiwa umesimama katika chumba kimoja cha Bugarika, chenye kitanda cha futi nne kwa sita, sufuria zilizopangwa chini ya meza na cherehani kando ya dirisha. Karibu kila kilichomo ni kitu ambacho jaji mwenyewe asingekigusa, na ndicho hicho kinachobebwa na vijana wawili waliolipwa soda.

Mwenye nyumba mwenye busara hujitetea kwamba hakuiba, ameshika tu kama dhamana. Neno hilo halimsaidii kama anavyodhani. Rehani katika sheria ya mikataba huzaliwa pale mwenye mali anapoikabidhi kwa hiari yake ili iwe dhamana ya deni, na hata aliyepokea rehani halali hawezi kuiuza bila kumpa mweka rehani taarifa ya kutosha. Kitu kilichochukuliwa wakati mwenyewe yuko kazini hakikuwekwa rehani na mtu yeyote. Zaidi ya hapo, kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoeleza wizi, kinataja miongoni mwa nia za udanganyifu ile ya kuchukua kitu cha mtu ili kukitumia kama rehani au dhamana. Haina maana kwamba kila mwenye nyumba aliyebeba redio ni mwizi, kwa sababu anayeamini kwa dhati kwamba ana haki juu ya kitu ana utetezi wake, na hapo ndipo askari wa zamu wanapojibu kwamba hayo ni mambo ya madai na kuwarudisha watu mtaani. Ila mlango ukivunjwa, au kitu kikishauzwa, jibu hilo lisikubaliwe kirahisi.

Hesabu nayo ina neno lake. Chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi, kodi ya miezi miwili, deni ni shilingi 100,000. Televisheni, jokofu dogo na simu ya mtoto iliyokuwa kwenye chaji vinaweza kufika shilingi 900,000, na mara nyingi jokofu si la mpangaji bali ni la shemeji aliyehamishiwa Geita. Deni halikupungua hata shilingi moja kwa vitu kuzuiliwa, kodi inaendelea kuhesabiwa, na mpangaji asiye na cherehani hana tena namna ya kuitafuta hiyo kodi. Jokofu likiharibika katika stoo ya mwenye nyumba, yeye aliyekuwa mdai anageuka mdaiwa.

Sisemi haya kwa kuwasahau wenye nyumba. Wengi wao katika milima ile ya mawe ni wastaafu na wajane ambao vyumba vitano vya uani ndivyo pensheni yao, na wameshuhudia wapangaji wakihama saa nane za usiku na kuacha bili ya maji. Wanajua pia kwamba mabaraza yana foleni. Hofu yao ni ya kweli, lakini dawa yake ni mkataba wa maandishi, kodi kulipwa mapema na notisi kutolewa kwa wakati.

Aliyekwisha kuzuiliwa vyombo aanze na mwenyekiti wa mtaa, si kwa sababu mwenyekiti anaweza kuhukumu, bali kwa sababu mbele yake inaandikwa orodha ya vitu, kimoja kimoja, na hali yake, na mashahidi wanaweka sahihi. Anachoweza kulipa akilipe kwa njia inayoacha alama, yaani stakabadhi au ujumbe wa simu, kwa kuwa pesa taslimu iliyotolewa kwa hasira barazani husahaulika upesi. Isipopatikana suluhu, shauri la upangaji hupelekwa Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na si kutoa hukumu. Likishindwa linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na zikipita siku 30 bila usuluhishi, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila hati hiyo. Huko anaweza kuomba arudishiwe mali na alipwe fidia, naye mwenye nyumba anaweza kudai kodi yake katika shauri hilo hilo.

Na siku vitu vinaporudishwa, orodha ile itolewe tena. Mpangaji aliyefurahi kuona kufuli limefunguliwa husaini haraka karatasi iliyoandikwa "nimepokea vitu vyangu vyote", kisha usiku akitafuta mtungi wa gesi anakumbuka kwamba hakuuona. Akague kwanza, aandike kilichopungua kwa kalamu yake mwenyewe juu ya karatasi hiyo hiyo, ndipo atie sahihi.