Kizazi kushuka: maswali ambayo wanawake huuliza kwa sauti ya chini

Jioni nikichutama kujiosha nagusa nyama laini, kama yai. Asubuhi haipo. Ni uvimbe?

Dalili hizo zinafanana sana na kizazi kushuka: ukilala viungo hurudi ndani, ukishinda umesimama vinateremka. Lakini apime mhudumu wa afya ndipo iwe hakika. Jina lenyewe linapotosha. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandikwa kama kamba za kitanda, imebeba kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa. Kamba zikilegea, chochote kati ya hivyo huning'inia, na mara nyingi kinachotangulia ni kibofu. Ndiyo maana wengine mkojo huwaponyoka wakikohoa, au hawaumalizi mpaka warudishe ile nyama kwa kidole.

Nilijifungua mara ya mwisho miaka kumi iliyopita. Mbona imeanza leo?

Uzazi wa njia ya kawaida, hasa uchungu ukiwa mrefu, hulegeza kamba. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua na zinalegea zaidi. Ongeza kikohozi kisichoisha, choo kigumu, na ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 kila safari ya kisimani. Uzinzi haumo, ingawa wapo wanaosema hivyo.

Mama mkwe anasema nijifunge kanga tumboni nikaze.

Mshukuru, ila usikaze. Tumbo likibanwa juu, viungo husukumwa chini. Na zile dawa za "kubana" uke huchubua tu.

Lazima nitolewe kizazi?

La. Ikiwa haijashuka sana, anza na mazoezi: kaza misuli kama unayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, hesabu hadi tano, legeza, rudia mara kumi, kutwa mara tatu. Usibane pumzi. Yape miezi mitatu; wengi huacha wiki ya pili wakidai hayafanyi kazi. Ipo pia pesari, pete laini ya silikoni inayowekwa ukeni kushikilia viungo. Upasuaji upo kwa iliyoshuka sana au inayokukosesha raha, na si kila upasuaji huondoa kizazi.

Na tendo la ndoa?

Linawezekana, halizidishi tatizo. Likiuma, mwambie daktari.

Niende hospitali haraka lini?

Mkojo ukigoma kutoka kabisa, au nyama iliyotoka ikifanya kidonda, ikitoa damu au ikikataa kurudi. Na ukiwa umeshakoma hedhi, damu yoyote ukeni ikachunguzwe, hata tone.