Itikadi: nyumba hii ni ya nani?

Hapa Dar es Salaam neno itikadi tunalisikia zaidi kwenye taarifa ya habari, anapotajwa katibu wa itikadi na uenezi wa chama. Wengi wakadhani maana yake ni kupiga debe.

Limetoka Kiarabu, na mzizi wake ni kufunga fundo. Ndugu yake ni akdi, ile ya ndoa. Itikadi ni mawazo yaliyofungwa pamoja kuhusu jamii: nani amiliki nini, nani amtii nani, haki ni ipi. Sera hubadilika hata kila bajeti. Itikadi iko chini yake, kama msingi wa nyumba.

Basi tuchukue nyumba yenyewe, ya vyumba sita Kariakoo, ina wapangaji. Mbepari atasema ni mali ya aliyeijenga, na kodi ni mapatano yake na mpangaji. Mhafidhina, yaani anayeshikilia desturi za zamani, atakumbusha kuwa nyumba ya urithi haiuzwi ovyo. Mfashisti, kama wale wa Mussolini walioshika Italia mwaka 1922, ataweka taifa juu ya wote na kumnyamazisha anayebisha. Mjamaa atauliza: mtu anakulaje jasho la wenzake kila mwezi?

Swali hilo liliwahi kujibiwa, kwanza na chama, kisha kwa sheria. Azimio la Arusha la 1967, tamko la ujamaa la chama tawala TANU, lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, hisa au mishahara miwili. Mwaka 1971 Serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wapangaji wakawa wanalipa kodi kwa Msajili wa Majumba, chombo cha Serikali kilichosimamia majengo hayo. Mpangaji aliona haki imetendeka; aliyejenga kwa kujinyima aliona ameporwa. Mimi naamini huwezi kuielewa historia ya mji huu bila kuwasikiliza wote wawili.

Itikadi yenye nguvu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile isiyotajwa. Mume na mke wakijenga pamoja Mbagala, hati ikaandikwa jina la mume pekee bila mtu kuuliza, hapo mfumo dume, yaani itikadi ya kumweka mwanaume juu ya mwanamke, umefanya kazi yake kimyakimya.

Mwaka 1991, katika kikao cha Zanzibar, CCM ililegeza masharti ya Azimio, na kiongozi akaruhusiwa kupangisha nyumba. Katiba, katika ibara ya 3, bado inaitaja Tanzania kuwa nchi ya kijamaa.