Kutibu tope lenye sumu bila kulichimba: maana yake

Maji ya mto mchafu yanaweza kupata nafuu katika muda mfupi, mradi mabomba yanayomwaga uchafu yazibwe. Tope la chini hukawia. Risasi, kromu, zebaki, mafuta mazito na mabaki ya dawa za kuulia wadudu hujishika kwenye chembe laini za udongo na majani yaliyooza, kisha hutuama pale maji yanapopunguza mwendo: kwenye vinamasi, katikati ya matete, ndani ya mabwawa.

Anayeishi Nairobi hahitaji kutafuta mfano mbali. Nairobi Dam, iliyojengwa miaka ya 1950 kwenye mto Motoine, wakati mmoja ilikuwa mahali pa kuendeshea mashua za tanga. Leo, chini ya mtaa wa Kibera, imejaa tope na gugumaji. Maji yakitoka hapo huitwa mto Ngong na kuelekea Industrial Area na Mukuru.

Wazo linalomjia kila mtu ni kuleta tingatinga, tope lichotwe, lipakiwe kwenye lori. Mahali pengine ni lazima kufanya hivyo, lakini kuna hatari ambayo haizungumzwi sana. Ndani ya kinamasi, sentimita chache tu chini ya uso wa tope, hewa ya oksijeni haifiki. Katika hali hiyo, risasi, zinki na kadimiamu huungana na salfaidi, yaani salfa isiyo na oksijeni, na kuwa chembe ngumu zisizoyeyuka kwa urahisi. Tope likikorogwa na kuanikwa juani, oksijeni huivunja ile salfaidi na madini huwa huru tena kuingia majini. Halafu kuna swali la lori: lielekee wapi? Jaa kuu la jiji, Dandora, liko kando ya mto Nairobi wenyewe.

Kutibu papo hapo ni kuliacha tope lilipo na kuizuia sumu isitoke kwenda kwa viumbe. Kiasi cha sumu kinaweza kubaki kilekile. Kinachopunguzwa ni ile sehemu inayoweza kuyeyuka, kuliwa na minyoo, kuingia kwa samaki, na mwishowe kwa mtu. Wengi husikia hivi wakadhani ni ujanja wa kukwepa gharama, na pengine mara nyingine ni kweli. Lakini mwili hauumizwi na risasi iliyofungiwa chini. Huumizwa na ile inayoufikia. Utafiti uliochapishwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2007 ulipima watoto 328 wa eneo la Dandora, na nusu yao walikutwa na risasi nyingi kupita kiasi kwenye damu. Kucheza kwenye udongo na kutia mikono mdomoni ni njia tosha.

Njia iliyofanyiwa majaribio mengi ni kuchanganya mkaa amilifu kwenye tabaka la juu la tope, mahali minyoo inapoishi. Huu si mkaa wa jiko. Umechomwa kwa namna inayoutoboa matundu madogo mno, hata gramu moja ikawa na uso wa ndani unaozidi mita za mraba 500. Mafuta mazito, dawa za wadudu na kemikali sugu za viwandani ziitwazo PCB hunasa humo. Majaribio ya nje ya maabara yamefanywa Hunters Point, San Francisco, na kwenye mto Grasse, New York. Kwa risasi mkaa huo hausaidii sana. Fosfati, ile iliyomo kwenye mbolea, huifunga vizuri zaidi. Ila ukimwaga fosfati bwawani umelirutubisha gugumaji, kwa hiyo mimi nisingeanza nayo hapa.

Njia nyingine ni kufunika tope kwa mchanga safi, au kuacha mashapo mapya, yaani udongo unaoletwa na maji, yalifunike yenyewe huku watu wakipima. Hii ya pili inataka mashapo yanayokuja yawe safi. Kwetu hayako hivyo: ukifunika leo huku majitaka yanaendelea kutiririka, baada ya muda utakuwa na tabaka jipya la sumu juu ya mchanga wako. Mafuriko nayo hayana huruma. Maji kama yale ya Aprili 2024 yangeufagia mchanga wote kwenye mkondo mwembamba wa Mathare. Ndiyo maana ningeipendekeza kazi hii kwenye bwawa au kinamasi kilichotulia, si katikati ya mto unaokimbia.

Wanaolima nduma na sukuma wiki kingoni wanahitaji kuhusishwa mapema. Jembe likipenya kwenye kifuniko, kazi imeharibika, na mkulima hakufanya kosa kama hakuna aliyemwambia wala kumpa shamba jingine.

Risasi haiozi. Baada ya miaka mia itakuwa risasi bado, kwa hiyo bajeti lazima iwe na fungu la kupima samaki, minyoo na maji yaliyo ndani ya tope, hasa kila baada ya mvua kubwa.